Wimbo Tuliounyoosha

Siku ya Mtakatifu Dimitri hakuna anayealikwa nyumbani kwa Trajanka, na hakuna anayefukuzwa. Ndivyo ilivyo kila nyumba yetu siku ya mtakatifu mlinzi wake: mlango uko wazi, mshumaa unawaka, na hata mtu aliyekusengenya mwaka mzima akitokea kizingitini inabidi umpe kijiko cha ngano tamu na kumwonyesha kiti. Niliichagua siku hiyo kwa sababu hiyohiyo. Mwoga hakosi ujanja. Nilikuwa sijakanyaga ua wa Trajanka kwa miaka arobaini na moja, na nilijua kwamba siku ya kawaida angenifungia mlango, na haki ingekuwa yake.

Naitwa Tihomir. Nimezaliwa Vranje, mji wa kusini, mtaa wa juu, nyumba ya pili kutoka kwao Trajanka, halafu nikaenda Belgrade nikafanya kazi ya uhariri wa muziki redioni mpaka nikastaafu. Niliijua kazi yangu, nasema mapema ili mtu asije akadhani nilikosea kwa ujinga. Nilikuwa na masikio mazuri kuliko wote pale ofisini. Ubaya wangu haukuwa masikioni.

Kilichonitoa Belgrade mwezi huu wa Novemba ni mwanamke mmoja, Nevenka, mwalimu wa chuo cha muziki. Anakusanya nyimbo za kusini, hasa zile zenye mipindo ya Mashariki, ambazo sauti haiendi moja kwa moja bali inazunguka kwanza kabla ya kutua. Alikuja kwangu na nakala ya ukurasa kutoka kitabu cha usaili cha mwaka 1978. Alikiweka kidole chake mstari wa kumi na saba. Mwimbaji wa kike kutoka Vranje, wimbo wa fundi viatu, kura nne za hapana, mkanda umefutwa. Chini yake ilikuwepo sahihi yangu.

"Mzee Tihomir, wimbo huu tumeutafuta kila mahali," alisema. "Maneno tunayo kwenye kitabu kimoja cha zamani. Mahadhi tunayo yale yaliyonyooshwa ya redioni tu, ya asili hatuna. Unayakumbuka?"

Nikamwambia sikumbuki vizuri. Uongo mtupu. Wimbo ule ulikuwa wa mama yangu.

"Ile mipindo ndiyo hazina yenyewe," Nevenka akaendelea, macho yanamng'aa. "Hapa kwetu tumeipoteza. Mimi mwenyewe nimekwenda Istanbul miaka miwili kujifunza."

Nilitaka kucheka, ikashindikana. Wakati wangu neno "Kituruki" lilitosha kumaliza mjadala wowote. Profesa Grbač, mwenyekiti wetu, alikuwa akisema kwamba Waturuki walikaa kwetu karne tano, tukawatoa mlangoni kwa damu, na si kazi ya redio kuwarudisha kupitia dirishani. Nyimbo za Vranje tulizikubali, naam, lakini baada ya kuzichana nywele. Za mabaa ziliitwa takataka, na sahani zake za santuri zikatozwa kodi maalumu. Kisha ikaja miaka ya vita na njaa, na kila runinga ikajaa wasichana wanaopinda sauti hadi unaogopa shingo itavunjika, na wenzangu wakasema eti mipindo hiyo ndiyo iliyotuharibu, utadhani mizinga ilipigwa na waimbaji. Sasa upepo umegeuka. Wenye shahada wanapanda ndege kwenda kulipia kile ambacho bibi zetu walikifanya bure wakitunga pilipili kwenye uzi. Mimi sina ugomvi na Nevenka. Nina ugomvi na kalenda.

Mama yangu, Jordana, alikuwa akiimba akifanya kazi, hasa vuli, alipokuwa akitunga pilipili nyekundu za kuanika ukutani. Trajanka, binti wa jirani, alikuwa akikaa kando yake na sindano yake. Wimbo ulikuwa wa fundi anayemshonea viatu vya harusi msichana aliyempenda, na msichana anaolewa na mwenzake. "Nimekushonea kiatu, Magdo, ukakivalie kwa mwenzangu." Alipofika kwenye "mwenzangu", sauti ya mama ilikuwa ikifika mlangoni na kusita, inarudi hatua moja, inachungulia, inarudi tena, ndipo inaingia. Kila mara nilishika pumzi nikidhani safari hii haitaingia. Trajanka aliupata wimbo wote hivyohivyo, kwa mdomo na kwa uzi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuupata.

Usaili wetu ulikuwa na pazia. Mwimbaji alisimama upande wa pili, tukapewa namba tu, ili tusimpendelee mtu kwa uso wala kwa jina. Tulikuwa wanne mezani, na kanuni ilikuwa hii: mkono mmoja tu ukiinuliwa kuunga mkono, mkanda unahifadhiwa hata kama mwimbaji hakupita. Mikono yote ikikaa chini, mkanda unafutwa siku hiyohiyo ukatumike tena, maana mikanda ilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni.

Namba kumi na saba alipoanza, nilijua kabla ya mstari wa kwanza kuisha. Sikumtambua Trajanka, nilimtambua mama. Ilipofika "mwenzangu", nikashika pumzi palepale kwenye kiti changu cha ofisini, nimevaa tai.

Alipomaliza, Olga, mwenzetu wa piano, akasema polepole, "Jamani, hii kali." Profesa Grbač akavua miwani. Hakuwa na uhakika, niliona. Akanigeukia.

"Hebu, Pasha wetu wa kusini atuambie," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa cheo cha mabwana wa Kituruki, na wenzangu walicheka siku zote. "Wewe ni wa hukohuko. Hiki ni cha kwenu kweli, au dada huyu amekiokota kwenye redio ya Waturuki?"

Nilikuwa nimekaa Belgrade miaka kumi nikijinyoa lafudhi. Nilikuwa nimejifunza kuagiza kahawa bila kuisema kama mtu wa Vranje. Kila "Pasha" ilinichoma, na kila iliponichoma nilicheka pamoja nao. Ingenigharimu maneno matatu tu: mama yangu anauimba. Badala yake nikasema, tena kwa sauti ya juu ili pasiwe na shaka:

"Hapana, Profesa. Hiki si cha kwetu. Kule kusini redio ya Istanbul inasikika kuliko yetu. Amenakili."

"Basi kama Tihomir mwenyewe anasema," alisema Olga, na mkono wake ukabaki chini. Wangu pia.

Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote kwa cheo, kwa hiyo kufuta mikanda ilikuwa kazi yangu. Niliupeleka ule mkanda chumba cha nyuma, nikaupitisha kwenye sumaku. Haichukui hata nusu dakika. Kisha nikamwandikia mwimbaji barua ya ofisi, na nikaongeza mstari mmoja wa hisani, nikijiona mwema: "Sauti unayo. Inyooshe, urudi baada ya mwaka."

Alirudi baada ya mwaka. Aliimba wimbo mwingine, umenyooka kama reli, na mimi nikawa wa kwanza kuinua mkono. Baada ya hapo Trajanka aliimba redioni miaka kumi na mbili, Jumapili asubuhi, na okestra yetu, nyimbo za kusini zilizochanwa nywele, ule wa fundi viatu ukiwemo, na ulipokwisha kunyooshwa hakuna aliyeuliza tena umetoka wapi. Kila nilipomkuta kwenye korido alinisalimu kwa "shikamoo, bwana mhariri," mtu niliyemzidi mwaka mmoja tu, na akapita. Nilidhani ni heshima.

Sasa nimesimama mlangoni kwake, umri wangu miaka sabini na mitano, mfukoni nina kinasa sauti cha Nevenka. Mwanawe Dobrica, ndiye mwenye nyumba siku hizi, akanipokea.

"Heri ya sikukuu, mwenye nyumba," nikasema.

"Na kwako, baba. Karibu." Akaninyooshea bakuli la ngano. Hakunijua.

Jikoni sauti ikauliza, "Nani huyo, Dobrica?"

"Mgeni, mama. Mzee wa Belgrade."

Trajanka akatokea na aproni, mwiko mkononi. Amenenepa, nywele nyeupe zote, macho yaleyale. Akanitazama toka viatu mpaka kofia.

"Haya, njooni muone maajabu!" akawaambia wageni wa mezani. "Tume imekuja yenyewe. Pazia umeliacha wapi, Tiho?"

"Trajo..."

"Kaa. Kaa ule. Leo sikutoi, mtakatifu ananitazama pale ukutani. Ungekuja kesho ungekiona cha mtema kuni."

Wakanikalisha kando ya shemeji yake, Sreten, mstaafu wa reli mwenye mashavu mekundu, ambaye alishajua mimi ni nani kabla sijamaliza glasi ya kwanza ya rakija.

"Ahaa, mkubwa wa redio!" akasema, akinipiga bega. "Ndio nyinyi mliokuwa mnatuamsha na kwaya saa kumi na mbili asubuhi? Ng'ombe wangu alikataa kutoa maziwa mwaka mzima, nikadhani amerogwa."

Meza ikacheka, nami nikacheka. Nilikuwa na mazoezi ya kucheka pamoja na wanaonicheka. Ila hawa walinicheka huku wakinijazia sahani.

Kwenye simu ya mtu mmoja mezani ulikuwa unalia wimbo wa siku hizi, binti anapinda sauti juu ya ngoma za kompyuta, na wageni, vijana kwa wazee, walikuwa wakiufuata kwa vidole juu ya meza. Hakuna aliyesema Kituruki wala takataka. Nikawaza Profesa Grbač angekuwepo angezimia. Nikawaza pia kwamba tulikuwa wanne tu mezani, watu wanne na pazia, na tulidhani sisi ndio nchi.

Nilivumilia mpaka kabichi zikaliwa duru ya kwanza, kisha nikamfuata Trajanka jikoni. Alikuwa akigeuza sufuria ya pili.

"Nimekuja kuomba kitu," nikasema.

"Nilijua hujafuata kabichi."

"Ule wimbo wa fundi viatu. Kama mama alivyouimba. Kuna mwalimu wa chuo anautafuta, anataka uwekwe kwenye makumbusho ya sauti. Na mimi... mimi nataka kuusikia, Trajo. Mkanda niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna aliyenao ila wewe."

Akaacha kugeuza. "Umeufuta wewe?"

"Mimi. Na nilisema..."

"Ulichosema nakijua." Aliuweka mwiko chini taratibu. "Wewe unafikiri pazia linaziba masikio? Nyinyi hamkuniona, lakini mimi nilisikia kila neno. 'Hiki si cha kwetu.' Nikajiuliza, huyu si Tiho wa Jordana? Aliyekuwa akikimbia uani kwetu bila suruali?"

Nikakosa pa kuweka mikono yangu.

"Nilirudi na garimoshi usiku kucha. Asubuhi mama yako kanisubiri getini na mkate wa moto. 'Vipi, mwanangu, umepita?' Nikamwambia sikupita, wamesema nimenakili redio ya Istanbul. Akaniangalia. Akasema, 'Istanbul gani? Mimi hata redio sina.'"

"Ulimwambia kama mimi..."

"Mkataa kwao ni mtumwa, Tiho, lakini mama wa mtumwa ana kosa gani? Aliniuliza, 'Tihomir wangu hakuwepo akutetee?' Nikamwambia hakuwepo, alikuwa na homa. Na kila alipouliza tena nikaongeza, jamani, homa ilikuwa kali."

Nilisema samahani. Nililisema neno lile vibaya, haraka, kama mtu anayelipa nauli. Alitikisa kichwa, hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe.

"Washa hicho kidude chako," alisema. "Tujaribu."

Nikakiwasha kinasa sauti, nikakiweka kwenye dirisha kando ya mitungi ya pilipili. Trajanka akafuta mikono, akashika ukingo wa meza, akafumba macho. Akaimba. Sauti bado anayo, nzito kidogo, safi. Fundi akakaa kibandani, akachukua kipimo cha mguu, akatoboa ngozi. Nikasubiri. "Ukakivalie kwa mwenzangu." Nikashika pumzi, na sauti ikaingia moja kwa moja. Haikusita, haikurudi, haikuchungulia. Iliingia kama mtu anavyoingia ofisini kwake.

Kule sebuleni wakapiga makofi. "Hongera, shemeji!" alipiga kelele Sreten. "Safi kama maji ya kisima! Hizo ndizo zetu!"

"Hapana," nikamwambia Trajanka. "Pale kwenye 'mwenzangu'. Ile mipindo."

"Najua."

Akarudia. Akarudia mara ya tatu, sasa ameshika koo kwa mkono, uso umekuwa mwekundu. Mara ya nne sauti ilitetemeka kidogo mahali ilipotakiwa kugeuka, ikaogopa, ikanyooka. Akafungua macho.

"Haiji," alisema. "Uliniandikia niinyooshe. Nilikwenda pango la mapipa chini ya nyumba, mwaka mzima, nimejifunika blanketi kichwani watu wasinisikie. Kila ilipopinda nilijifinya paja. Nilikuwa na alama za bluu mpaka mume wangu akauliza. Halafu miaka kumi na mbili naimba hivyo Jumapili. Imekufa, Tiho. Mimi nilidhani imelala tu."

Nikakizima kinasa sauti. Nilisema, na sijui kwa nini nilisema, labda nilitaka pawe na kitu kimoja ambacho sikukigusa:

"Angalau mama aliondoka nayo. Yeye alikufa akiiimba inavyopasa."

Trajanka akanitazama kwa namna ambayo sikuitegemea. Hasira ilikuwa imemtoka yote. Alinitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba na hajui aanzie wapi.

"Wewe hujui?" aliuliza. "Hakuwahi kukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Nilipoanza kuimba redioni ulimtumia redio. Ile ndogo ya mbao, kwa posta. Unakumbuka? Jumapili ya kwanza akaiwasha, akasikia jina langu likitajwa, akakaa kuusikiliza wimbo wake mwenyewe. Niliporudi kuwasalimu akanikalisha. Akaniambia, 'Trajo, kumbe maisha yote nimekuwa nikiukosea. Ndiyo maana Tihomir siku hizi akija nikiimba ananyamaza, anatazama dirishani. Nilikuwa nikimtia aibu. Wao ndio wanaojua. Hebu nifundishe.'"

"Ukamfundisha?"

"Ningefanyaje? Ningemwambia redio ya mwanao inasema uongo?" Akachukua mwiko, akaurudisha. "Nilipata likizo, nikakaa naye majira yote ya baridi. Alikuwa na miaka sitini na sita. Mipindo ilikuwa inamtoka yenyewe, hawezi kuizuia. Kila ilipomtoka alijipiga kofi dogo mdomoni, pa, akacheka, akaanza upya. Kufika Pasaka akawa ameweza. Umenyooka kabisa, kama mimi. Alifurahi kama mtoto. Akasema, 'Tihomir akija nitamwimbia, aone.'"

"Hakuniimbia kamwe."

"Ulikuja. Ulikaa saa mbili, na ulikuwa ukiangalia saa. Akaona haya kuanza."

Nakumbuka ziara ile. Nakumbuka alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani, na mara mbili alikohoa kana kwamba anasafisha koo, na mimi nikamwambia amuone daktari.

"Aliimba hivyo mpaka alipokufa," Trajanka alisema. "Hata kwenye pilipili. Akiwa peke yake pia, nilimsikia kutoka kwetu. Hakurudia ya zamani hata siku moja."

Nililia palepale, mzee mzima, mbele ya sufuria ya kabichi, kwa sauti, hata sebuleni wakanyamaza. Dobrica alichungulia mlangoni, mama yake akamfukuza kwa macho. Kisha Trajanka akapunguza moto, akavuta kiti, akakaa kunisubiri nimalize.